Sura ya Nne: Chuma cha Kukatia Kucha za Mbwa

Anayetaka kununua mkasi wa kukatia kucha za mbwa aanze kwa kumtazama mbwa wake akitembea, kabla hajakanyaga dukani. Murongo, hapa Kyerwa mkoani Kagera, ni mahali pazuri pa kufanya hivyo, kwa sababu mbwa wa hapa wanaishi maisha ya namna mbili zisizofanana hata kidogo. Wapo mbwa wa wafugaji, wanaoamka na ng'ombe, wakapanda na kushuka vilima vya Kyerwa kutwa nzima, wakarudi jioni wamekanyaga mawe na changarawe tangu alfajiri. Na wapo mbwa wa ulinzi: wa madukani karibu na mpaka wa Uganda, wa maghala ya kahawa na maharage, wa nyumba zenye geti. Hao hufungwa mnyororo kunapopambazuka na kufunguliwa usiku, na dunia yao yote ni sakafu ya saruji na kipande cha ua.

Mbwa wa mfugaji karibu hana haja ya mkasi. Kucha zake husagwa na njia anazopita, na ukimshika mguu utazikuta fupi na butu. Umebaki ukucha mmoja tu wa kuangalia: ule wa pembeni, ulio juu kidogo upande wa ndani wa mguu wa mbele. Huo haugusi ardhi, kwa hiyo hausagwi na kitu. Ukisahauliwa hurefuka, hujipinda, na mwisho ncha yake huingia kwenye nyama ya mguu uleule ulipoota. Mbwa wengine wanao hata miguu ya nyuma, na manyoya yakiwa mengi hauonekani mpaka uupapase kwa vidole. Mfugaji ambaye hajawahi kumkata mbwa wake ukucha wowote aujue angalau huu.

Mbwa wa mnyororo ana hali nyingine. Kwa kawaida anazo kucha 18, nne kila mguu pamoja na mbili za pembeni, na zote zinakua bila kupata kazi. Msimamishe mahali tambarare, usimguse, kisha inama uangalie. Kucha zilizo sawa haziigusi sakafu mbwa anaposimama wima. Zikigusa, kila hatua inausukuma ukucha juu, ukucha unasukuma kidole, na mbwa anaanza kuegemea nyuma ili kukwepa maumivu. Akiwa kijana utaona anatembea kwa kujivuta kidogo. Akiwa mzee, viungo vilivyokwisha kuchoka vinabeba uzito kwa namna visivyoizoea, na watu husema mbwa amezeeka kumbe kucha zimemzidi. Usiku kukiwa kimya sikiliza anavyopita barazani: ukisikia ta-ta-ta kwenye saruji, muda wa kukata umeshapita.

Kwa mbwa huyo nasema wazi kwamba chombo cha kwanza ni barabara. Mtembeze asubuhi na jioni kwenye njia ya changarawe, kila siku, na baada ya majuma machache utaona ncha zimeanza kulika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyotungwa Tanzania mwaka 2008, imempa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na kumwepusha na mateso yasiyo ya lazima, na mnyama asiyetoka kwenye mnyororo hutaabika kuliko kucha zake zinavyoweza kukuonyesha. Mkasi unafanya kazi inayobaki baada ya matembezi. Anayeununua bila kuacha matembezi ndiye atakayefaidika nao.

Sasa tuuangalie ukucha wenyewe, maana bila kujua kilichomo ndani huwezi kuchagua cha kuukatia. Nje ni gamba gumu, dutu ileile iliyomo kwenye pembe na kwato. Ndani kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na nyuma ya kiini kuna mfupa wa mwisho wa kidole. Gamba halina uchungu. Kiini kinauma sana na kinavuja damu nyingi kuliko ukubwa wake. Ukucha mweupe ukiuelekeza kwenye mwanga unakionyesha kiini kama kivuli cha waridi, na kazi inakuwa rahisi. Ukucha mweusi hauonyeshi kitu, na mbwa wetu wengi wana kucha nyeusi, au mchanganyiko wa nyeusi na nyeupe mguu mmoja. Chombo unachokitafuta, basi, ni kile kinachokuwezesha kuondoa kipande chembamba sana, kisha kingine, kisha kingine, huku ukiona ulipofika. Chombo kinachokata kipande kinene kwa mkupuo kinafaa mbao.

Kuna habari njema kuhusu kiini hicho. Gamba likipunguzwa kidogo kidogo mara kwa mara, nacho hurudi nyuma. Mbwa aliyeachwa mwaka mzima ana kiini kirefu, na huwezi kumfupisha kwa siku moja bila kumtoa damu. Kila baada ya wiki moja au mbili mpunguze ncha tu, na baada ya miezi michache kucha zitakuwa pale zinapotakiwa. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu linabadilisha uchaguzi: unahitaji kitu utakachokitumia mara nyingi kwa utulivu, wala si kitu chenye nguvu ya kumaliza kazi leo.

Kabla ya chuma chochote, osha mguu na uukague. Katika ukanda huu sababu kubwa ni funza. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Inaaminika aliingia mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil na kutia nanga Ambriz, pwani ya Angola, na kabla ya karne ya 19 kuisha alikuwa amelivuka bara akifuata njia za misafara hadi upande wa Ziwa Victoria. Mbwa na nguruwe ni miongoni mwa wanyama wanaomlea na kumrudisha kwenye vumbi la uani, na kutoka hapo humpata mtoto anayecheza peku. Kwa mbwa hupenda nyayo na ngozi iliyo kando ya kucha. Panua vidole kimoja kimoja. Ukiona kivimbe cheupe chenye doa jeusi katikati, au mbwa akavuta mguu kwa ukali ulipogusa mahali fulani, acha habari ya kukata siku hiyo. Kidole kilichovimba kwa funza huota ukucha uliopinda, na ukiukata bila kutibu kidole unamwongezea maumivu. Usimchokoe funza kwa ncha ya mkasi. Funza wakiwa wengi ni kazi ya mganga wa mifugo, na vumbi la banda lifagiliwe na kumwagiwa maji, la sivyo watarudi. Pini au sindano iliyotumika kwa mbwa isirudi ndani ya nyumba.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya vyombo, na nitaanza na vile ambavyo tayari vimo nyumbani kwa sababu ndivyo vinavyoleta madhara mengi.

Wembe na kisu havifai kabisa. Vyote viwili vinataka mbwa atulie kama ubao, na mbwa hatulii. Akivuta mguu, makali yanakwenda kwenye nyama yake au kwenye kidole chako. Plaizi ya fundi hukata kwa kuponda, na ukucha uliopondwa hupasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi. Mkasi wa nguo huteleza juu ya gamba. Kikata kucha cha watu kinafaa kwa mtoto wa mbwa wa wiki chache, ambaye ncha zake ni laini na nyembamba. Mbwa akikua kiache, kwa kuwa ukucha wake ni wa mviringo na kile kimeundwa kwa ukucha bapa. Kitauminya kutoka juu na chini hadi upasuke ubavuni.

Swali ambalo mkulima wa Kyerwa lazima alete ni la mkasi wa kahawa. Ule wa kupogolea, wenye ulimi mmoja wenye makali na mdomo mmoja mpana wa kuegemeza tawi, uko karibu kila kaya yenye shamba, na unakata tawi bichi kwa mkono mmoja. Kwa nini usikate ukucha? Utakata. Tatizo ni kwamba mdomo wake ni mpana mno, unaufunika ukucha wote, nawe unakata bila kuona kiini kilipo. Tena umejengwa kwa tawi ambalo likikatwa sentimita moja zaidi halilii. Kuna na sababu ya pili. Mkasi huo unabeba utomvu, udongo na vimelea kutoka shina hadi shina; robusta ya Kagera ilikwisha kupata hasara kubwa kwa ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na fangasi, ambao huingia kupitia majeraha ya mti. Chombo cha shamba kibaki shambani, na cha mbwa kibaki kwa mbwa. Hilo linauhusu pia ule mkasi mkubwa wa kwato za mbuzi unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo: kwa kwato ni mzuri sana, kwa mbwa wa kijijini ni mkubwa mno.

Vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa vinavyofika kwenye maduka ya Bukoba, Mwanza na Kampala viko vya sura mbili. Kimoja kina tundu ambamo ukucha unaingizwa, na ukibana mpini, kiwembe kidogo kinapita mbele ya tundu na kukata. Ni chepesi na kinakata vizuri kikiwa kipya, lakini kiwembe chake huisha makali na lazima kibadilishwe, na vipuri hivyo si vya kupatikana Murongo. Zaidi ya hapo, ukucha wa pembeni uliojipinda hauingii kwenye tundu, na huo ndio ukucha unaouhitaji msaada kuliko wote. Sikishauri.

Cha pili ni mkasi mfupi wenye umbo la plaizi, wenye visu viwili vilivyochimbwa nusu mviringo ambavyo vikikutana vinaukumbatia ukucha. Huu ndio nausimamia. Unaingia kwenye ukucha wa aina yoyote kutoka ubavuni, hata ule uliojipinda, na visu vyake vinauona ukucha kama ulivyo, mviringo. Ila ubora wake hutofautiana sana kati ya mkasi na mkasi, na kwa kuwa dukani yote imening'inizwa kwenye kadi zinazong'aa, ni vizuri ujue la kufanya kabla hujalipa.

Mwombe muuzaji autoe kwenye kadi. Ufumbe, uuelekeze kwenye mwanga wa mlango, uangalie pale visu vinapokutana. Mwanga ukipenya katikati, visu havikutani, na mkasi huo utakuwa unatafuna badala ya kukata. Kisha shika visu hivyo, kimoja kwa kila mkono, ujaribu kuvitikisa kulia na kushoto. Vikicheza, msumari wa katikati umelegea. Kama ni wa skrubu unaweza kukazwa, kama umegongwa rivet hauwezi. Fungua na kufumba mara kadhaa kwa mkono mmoja. Springi iurudishe mkasi bila kukwama wala kukulazimisha kubana kwa nguvu zote, kwa sababu mkono unaobana kwa nguvu zote hauwezi kusimama pale unapotaka. Mwisho agiza mrija wa soda. Ukate kipande. Mkasi mzuri unaacha ukingo safi na mdomo wa mrija unabaki duara. Mbaya unaubana mrija kwanza, halafu unaupasua, na hicho ndicho utakachomfanyia mbwa wako kila ukucha.

Mikasi mingine ina kibati kidogo nyuma ya visu, cha kuzuia ukucha usiingie sana. Watu hukitegemea kama kinga. Hakijui kiini cha mbwa wako kimefika wapi. Kwa mbwa mwenye kiini kirefu kitakuruhusu ukate nyama bila kukuzuia. Kisogeze pembeni, utumie macho. Ukubwa nao una maana. Mbwa wetu wengi ni wa wastani na mkasi wa ukubwa wa wastani unawatosha, lakini mbwa chotara wa kizungu anayelinda ghala ana kucha nene zinazohitaji mkasi mkubwa wenye mpini mrefu. Mkasi mdogo kwenye ukucha mnene hufunguka katikati ya kukata, nao ukucha hupasuka.

Kuhusu chuma chenyewe, wanunuzi hupenda kinachong'aa kisichoshika kutu, na kwa mvua za Kagera, zinazokuja misimu miwili kwa mwaka, wana sababu. Hata hivyo kuna mikasi ya chuma cha kaboni, isiyong'aa, ambayo hushika makali vizuri na hunoleka kwa urahisi. Inataka matunzo: ifutwe ikauke na ipakwe tone la mafuta ya cherehani. Sisi wa upande huu wa ziwa tuna sababu ya kukiheshimu chuma cha namna hiyo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science utafiti wao juu ya tanuri za kale za Buhaya, wakionyesha kwamba wafua chuma wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wakitoa chuma chenye kaboni yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Waliingiza mabomba ya udongo ya viriba hadi ndani ya tanuri, hivyo hewa ilipashwa moto kabla ya kukutana na makaa, na joto likapanda mno. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliirudia mbele ya watafiti katika miaka ya 1970. Ufalme wa Karagwe nao, chini ya watawala wa Bweranyange, ulikuwa na vitu vya kifalme vya chuma, zikiwemo sanamu ndogo za ng'ombe. Fundi mzuri wa kunoa bado yupo katika vijiji vingi. Mpelekee mkasi wako, ila mwambie anoe upande wa nje tu wa kila kisu. Akinoa upande wa ndani, visu havitakutana tena.

Kuna mashine za kusaga kucha, zinazozungusha kipande cha msasa kwa kasi na kuchajiwa kwa waya wa simu. Umeme si hoja tena kama zamani: mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Yoweri Museveni walizindua mtambo wa Kikagati-Murongo, wa megawati 14, papa hapa kwenye Mto Kagera, kwa ajili ya nchi zote mbili. Uzuri wa mashine ni kwamba inaondoa unga mdogo mdogo na ni vigumu kukishtukiza kiini, jambo la thamani kwa kucha nyeusi. Ubaya wake ni mlio, mtetemo na joto. Ukiikandamiza kwenye ukucha sekunde nyingi mfululizo gamba hupata moto na mbwa huungua. Iguse sekunde mbili tatu, iondoe, irudishe. Vumbi lake lisivutwe puani, na manyoya marefu ya mguuni yashikwe nyuma yasije yakazongwa. Kwa mbwa ambaye hajawahi kushikwa mguu, mlio huo peke yake unatosha kumfanya asikukaribie tena. Sikatai mashine. Nasema ije baada ya mbwa kuzoea kushikwa, na asiwepo mtu wa kuazima grainda ya fundi wa kuchomelea akidhani ni kitu kimoja. Ile inaondoa kidole.

Tupa ndogo bapa ya duka la vifaa vya ujenzi inafaa kumalizia kingo baada ya mkasi. Isugue kuelekea upande mmoja, kutoka juu kushuka kwenye ncha, bila kwenda na kurudi.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote hakiuzwi. Mwombe seremala kipande cha ubao chenye upana wa kiganja mara mbili na urefu wa mkono, ununue msasa wa namba 80, uubandike juu ya ubao kwa gundi ya mbao na uukandamize hadi ukauke. Tangu zamani maseremala wa nchi hizi wamesugulia mbao kwa majani ya mti wa msasa, ambayo hukwaruza kama karatasi yenyewe, ila kwa kucha majani hayatoshi, nunua karatasi. Ubao huo unauegemeza mahali ukiwa umelala mshazari, na unamfundisha mbwa aukwangue mwenyewe. Weka kipande kidogo cha nyama au dagaa chini ya kitambaa juu ya ubao. Atachimba kwa miguu ya mbele akitafuta. Kila akikwangua, mpe kipande kingine na umsifu. Baada ya siku kadhaa unaondoa kitambaa, unaonyesha ubao tu, naye anaukwangua akijua malipo yanakuja. Anajisaga kucha mwenyewe, hakuna aliyemshika, hakuna damu, na mbwa mkali ambaye hakuna anayethubutu kumgusa mguu anapata huduma ileile. Hauzifikii kucha za pembeni, na za kati husagika zaidi kuliko za kando, kwa hiyo mkasi bado unahitajika, lakini mara chache. Kwa mlinzi wa ghala anayeogopwa na mtaa mzima, sijui njia yenye huruma kuliko hii. Msasa ukiisha makali, bandika mwingine.

Chochote utakachochagua, kimfikie mbwa taratibu. Kwa siku kadhaa mshike mguu tu, mwachie, mpe kitu. Kisha mguse ukucha kwa mkasi uliofumbwa. Kisha kata unyuzi wa sisali karibu na sikio lake, auzoee mlio. Siku ya kwanza kata ukucha mmoja, umwache aende. Watu wawili ni bora kuliko mmoja: wa kumtuliza kwa kifua na mkono chini ya shingo, na wa kukata. Watoto wakae mbali. Mbwa anayeuma afungwe mdomo kwa kitambaa laini kwa dakika chache tu, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi.

Sasa keti mchana, mgongo kwenye ukuta, mwanga ukija kutoka mbele. Shika kidole kati ya dole gumba na kidole cha shahada, usukume kidogo ukucha utokeze. Weka mkasi mshazari, ukifuata mteremko wa ukucha wenyewe. Kata unene wa njiti ya kiberiti, usizidi. Sasa angalia uso uliokatwa, maana ndio utakaokuongoza. Mwanzoni ni mkavu, una rangi ya kijivu chepesi, na unamung'unyika kidogo. Kata tena. Ukianza kuona duara dogo lililokoza katikati, lenye unyevu na mng'ao kidogo, umefika jirani na kiini. Acha hapo. Nenda ukucha unaofuata. Ukisitasita, ukate kipande kidogo kuliko ulivyofikiria, kesho ipo.

Damu ikitoka, na siku moja itatoka, usipayuke. Mbwa anasoma sauti yako. Kandamiza ncha ya ukucha kwenye kipande kikavu cha sabuni ya mche, ili sabuni izibe mshipa, au bandika wanga wa mahindi kwa kidole na ushikilie dakika tano bila kuchungulia. Majivu, mafuta ya taa na tumbaku visikaribie jeraha. Asitembee kwenye matope mpaka damu ikauke. Ikiendelea kuvuja baada ya nusu saa, au ukucha umeng'oka hadi kwenye mzizi, au ule wa pembeni umeshazama kwenye nyama na kutoa usaha, hiyo si kazi ya nyumbani. Inahitaji ganzi na dawa.

Mkasi mmoja huzunguka mtaa mzima. Hivyo ndivyo tunavyoishi, na si vibaya. Lakini wakulima wa Kagera wamejifunza kwa uchungu kile ambacho chuma kichafu kinaweza kufanya. Mnyauko bakteria wa migomba uliporipotiwa mkoani mwaka 2006, visu na mapanga yaliyotoka mgomba mmoja kwenda mwingine yalikuwa kati ya vilivyoueneza, na mkulima akafundishwa kuchoma kisu motoni au kukichovya kwenye jiki kabla ya kugusa shina jingine. Fanya hivyo kwa mkasi wa mbwa, isipokuwa moto, ambao unaharibu makali. Osha kwa sabuni, futa kwa spiriti, kausha, paka mafuta. Fangasi wa kucha na damu ya mbwa mgonjwa havitavuka ua kwa mkono wako.

Jambo la mwisho linahusu meno. Unayekaa karibu na mdomo wa mbwa kila wiki mbili, hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa, kila mwaka. Ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna anayepona kwa kawaida. Akikuuma wakati wa kukata, hata kwa mchubuko, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, uwe umemchanja au hujamchanja.

Na siku ya chanjo yenyewe, ambayo mara nyingi hupangwa kuzunguka Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, afisa mifugo yuko mbele yako na mbwa tayari ameshikwa. Nenda na mkasi ulioununua. Mwombe akate ukucha mmoja mweusi huku wewe umeinama karibu, akuonyeshe alivyojua pa kusimama, halafu akupe mkasi ukate wa pili naye akiangalia.